Maswali na Majibu: Leseni ya Kuendesha Mitambo ya Hatari

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wa foklifti (mashine ya kunyanyua mizigo kwa uma, yaani vyuma viwili vya mbele) na kreni, na chache kutoka vyumba vya boila, mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Sheria za leseni hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo tunapotaja kanuni ya nchi fulani tunasema ni ya wapi. Mambo ya mashine yenyewe, yaani uzito, umbali na mwinamo, hayabadiliki popote ulipo.

Swali: Nimemaliza kozi ya foklifti na chuo kimenipa cheti. Mwajiri anasema hiyo si leseni. Je, nimetapeliwa?

Huenda hujatapeliwa, ila umefika katikati ya njia. Kuna karatasi tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha mafunzo: kinasema ulifundishwa, na kama ulipimwa, kwamba ulifaulu. Ya pili ni leseni, inayotolewa na mamlaka ya serikali au chombo kilichopewa kazi hiyo, yenye picha yako, daraja la mashine na tarehe ya mwisho. Ya tatu ni idhini ya mwajiri, maandishi yanayosema kwamba wewe unaruhusiwa kuendesha mashine hii katika eneo hili la kazi.

Uzito wa kila karatasi unategemea nchi. Australia wana leseni ya serikali ya kazi za hatari kubwa: lazima uwe umetimiza miaka 18, ufunzwe na chuo kilichosajiliwa, upimwe na mtahini aliyeidhinishwa, kisha uombe leseni ndani ya siku 60 tangu kufaulu. Siku hizo zikipita, matokeo yako hayapokelewi tena. Marekani serikali haitoi leseni ya foklifti. Mwajiri ndiye anayetakiwa kukufundisha, kukupima ukiwa kazini, na kuweka uthibitisho wenye jina lako, tarehe ya mafunzo, tarehe ya kupimwa na jina la aliyekupima, na atakupima upya angalau mara moja kila miaka 3. Kwa kreni za ujenzi huko huko Marekani mambo ni mazito zaidi: unahitaji cheti cha chombo kinachotambulika, ambacho hudumu miaka 5, na juu yake mwajiri bado anatakiwa akupime kwa kreni utakayoitumia.

Kwa hiyo rudi kwa mwajiri na umuulize swali moja tu: ni karatasi ipi kati ya hizo tatu haipo? Kama ni leseni, nenda na cheti chako, kitambulisho, picha na ada kwa mamlaka inayosimamia usalama kazini. Kama ni idhini, hiyo ni kazi yake yeye, si yako.

Kwa wale ambao bado hawajalipa ada ya kozi: kabla ya kutoa hela, pata orodha ya vyuo na watahini wanaotambuliwa kutoka kwa mamlaka yenyewe, wala usiridhike na tangazo la chuo. Hakikisha pia daraja la kozi ndilo la mashine utakayoiendesha. Tumeona watu wakisomea foklifti ya kawaida, ile yenye mzigo mbele na uzito wa kusawazisha nyuma, halafu kazini wakakuta mashine ambayo dereva anapanda juu pamoja na uma kuchukua bidhaa rafuni. Kwa nchi nyingi hayo ni madaraja mawili.

Swali: Mtihani wa maandishi nilifaulu vizuri. Wa vitendo nikafeli, na mtahini alisema sikuwa na kosa katika kuendesha. Nilifeli nini basi?

Ulifeli kabla ya kuwasha mashine, au baada ya kuizima. Hapo ndipo watu wengi wenye uzoefu huanguka, kwa sababu mikono yao imezoea kuruka hatua.

Mtahini anataka kukuona ukizunguka mashine nzima kabla ya kupanda, ukigusa na kutamka unachokagua. Tairi: zimechanika, zina upepo wa kutosha, nati za gurudumu zipo zote? Chini ya mashine: kuna mafuta yaliyodondoka? Minyororo ya mlingoti (nguzo ya mbele ambayo uma hupanda na kushuka juu yake): imekazana sawa pande zote mbili, ina kutu au pini iliyotokeza? Usiingize vidole kwenye mnyororo. Kibao cha uwezo, kinachosema uzito ambao mashine inaweza kunyanyua: kipo, kinasomeka? Mashine isiyo na kibao kinachosomeka haitakiwi kufanya kazi, na mtahini mwingine huficha kibao makusudi aone kama utauliza.

Kisha uma. Hapa ndipo tungependa ukae zaidi kidogo. Angalia kisigino, yaani pale uma unapopinda kutoka wima kwenda mlalo. Linganisha unene wa hapo na unene wa sehemu ya wima, ambayo haisuguliki na sakafu. Kisigino kikiwa kimelika asilimia 10 uma huo unatolewa kazini. Uma wa milimita 40 unaisha kazi ukifika 36. Watu huiona ni ndogo, milimita 4 tu, lakini nguvu ya chuma kuhimili kupinda hufuata mraba wa unene: 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Umepoteza karibu moja ya tano ya nguvu ya uma. Angalia pia nyufa kwenye kisigino na kwenye ndoano za juu, ncha mbili ziwe kimo kimoja, na pini za kufungia uma zifunge kweli. Uma uliopasuka hauchomelewi na fundi wa mtaani. Joto la kuchomelea huharibu ugumu wa chuma kile na utakatika pembeni mwa mshono.

Ukishapanda: mkanda, breki ya mkono, honi, taa, usukani, kisha nyanyua, shusha na inamisha mlingoti mara moja bila mzigo. Ukiendesha, uma uwe juu ya sakafu sentimita 15 hadi 20 na mlingoti umeinama nyuma kidogo. Mteremkoni ukiwa na mzigo, mzigo ukae upande wa mlima, uwe unapanda au unashuka. Bila mzigo, uma ukae upande wa bonde. Nyuma ya foklifti nyingine, acha nafasi ya urefu wa mashine tatu. Mzigo ukikuziba macho, rudi kinyumenyume, isipokuwa unapopanda mlima, ambapo utahitaji mtu wa kukuongoza.

Mwisho wa mtihani: uma chini kabisa na ncha zake ziguse sakafu, giya kwenye huru, breki ya mkono, zima, toa ufunguo. Mtu akishuka na kuacha uma umening'inia au ufunguo ndani, watahini wengi hawaendelei kuhesabu alama. Ni kosa la kufelisha peke yake, sawa na kutokufunga mkanda au kupita chini ya mzigo.

Swali: Kibao cha foklifti yetu kinasema kilo 2500. Nikanyanyua sanduku la kilo 2100, magurudumu ya nyuma yakainuka. Mizani imehakikiwa, uzito ni sahihi. Kibao kinadanganya?

Kibao kinasema kweli, ila umekisoma nusu. Kando ya kilo 2500 kuna namba ya pili, mara nyingi milimita 500 au 600. Huo ni umbali kutoka uso wa uma, pale mzigo unapoegemea, hadi kitovu cha uzito wa mzigo. Kilo 2500 ni ahadi ya umbali huo tu.

Foklifti hufanya kazi kama mizani ya kuning'iniza. Egemeo lake ni ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele. Nyuma yake kuna uzito wa mashine, mbele kuna mzigo. Kinachopima nguvu ya mzigo kuiangusha mashine ni uzito mara umbali kutoka kwenye ekseli.

Hujasema sanduku lina urefu gani, lakini tufanye lina milimita 1600 na uzito umeenea sawasawa. Kitovu chake kiko milimita 800 kutoka uso wa uma. Tufanye pia kwamba kutoka ekseli ya mbele hadi uso wa uma ni milimita 450. Namba hii imo kwenye kitabu cha mashine.

Uwezo wa kibao, tukichukua namba yake ya pili ni milimita 500: 2500 × (450 + 500) = 2,375,000.
Umbali mpya: 450 + 800 = 1250.
Uwezo kwa sanduku hili: 2,375,000 ÷ 1250 = kilo 1900.

Sanduku lako limezidi kwa kilo 200. Magurudumu ya nyuma yanayoinuka ndiyo yale yanayogeuza mashine, kwa hiyo usukani nao ulikuwa umekufa wakati huo.

Hesabu hii inakusaidia kuelewa na kufaulu mtihani. Kazini, namba ya mtengenezaji ndiyo inayotawala, kwa sababu hesabu hii haioni mambo mawili. La kwanza ni kimo: mlingoti ukinyanyuliwa juu hupinda mbele kidogo, na vibao vingi huonyesha uwezo mdogo zaidi kwa kimo kikubwa. La pili ni mwendo. Ukifunga breki ghafla mzigo unasukuma mbele kwa nguvu isiyomo kwenye mizani yoyote.

Jambo jingine la sanduku refu: uma ufike angalau theluthi mbili ya urefu wa mzigo. Kwa milimita 1600 unahitaji uma wa takriban 1070. Kuna mikono ya kurefushia uma, lakini hiyo nayo ni uzito, na inakualika kubeba vitu virefu zaidi, kwa hiyo uwezo unashuka kwa sababu zote mbili.

Na mashine ikianza kupinduka ubavuni usiruke. Paa la kinga ndilo huwaua wanaoruka, kwa sababu huangukia upande ule ule wanaorukia. Shika usukani kwa nguvu, kaza miguu sakafuni, jiegemeze upande ulio kinyume na mashine inakoangukia, na mkanda ukuweke ndani.

Swali: Tumefungiwa kifaa cha kubana marobota badala ya uma. Leseni yangu ya foklifti inatosha?

Leseni kwa kawaida inatosha, mashine ndiyo haitoshi mpaka ipate kibao kipya. Kifaa kina uzito wake na kinasukuma mzigo mbele, kwa hiyo uwezo wa zamani haupo tena. Namba mpya itoke kwa mtengenezaji au mhandisi anayekubalika, iandikwe kwenye kibao, pamoja na jina la kifaa. Wewe nawe ufundishwe kukitumia, na mafunzo hayo yaandikwe.

Swali: Nina leseni ya foklifti. Msimamizi ananiambia nipande jukwaa la kunyanyulia watu, anasema ni "mashine hiyo hiyo ya hidroliki". Nikatae?

Kataa, kwa heshima na kwa maandishi. Leseni ni ya daraja, haihami na mtu kutoka mashine hadi mashine. Kwa mfano, Australia jukwaa la mkono ambalo mkono wake unafika mita 11 au zaidi lina daraja lake la leseni, wakati lile linalopanda wima kwa mikasi halitaki leseni hiyo lakini bado linataka mafunzo. Ukipata ajali kwenye mashine usiyo na daraja lake, utaulizwa wewe na mwajiri pia, na leseni uliyonayo inaweza kusimamishwa.

Zaidi ya sheria, hatari yenyewe ni nyingine kabisa. Jukwaa la mkono likigonga shimo dogo, mtetemo wake huko juu unakuwa mkubwa na humrusha mtu nje ya kikapu kama hakufunga mkanda wa mwili kwenye sehemu ya kufungia iliyomo kikapuni. Dereva wa foklifti hana mazoea hayo, wala ya kuangalia juu kabla ya kunyanyuka. Nyaya za umeme na boriti za dari zimebana watu wengi kati ya kikapu na kitu kilicho juu yao.

Njia ya kusema ni hii: "Mkuu, leseni yangu haina daraja hili. Nipo tayari kufundishwa. Kwa leo nipangie kazi ya foklifti." Kisha uandike tarehe, saa na maneno hayo kwenye daftari lako.

Swali: Mtihani wa kreni ulikuwa na swali: mzigo kilo 4000, umbali mita 8.5, jedwali linasema mita 8 ni kilo 5000 na mita 9 ni kilo 4300. Nikachukua katikati, 4650, nikajibu unyanyuaji unaruhusiwa. Nimepata sifuri. Kwa nini, wakati 4000 ni pungufu hata ya 4300?

Umekosea mara mbili, na kosa la kwanza lilikuwa limefichwa kwenye maelezo ya swali. Katika barua yako uliandika pia kwamba kulikuwa na puli ya ndoano kilo 250, slingi (kamba za kufungia mzigo) na pingu (vyuma vya kuziunganisha) kilo 80, na boriti ya kutawanyia slingi kilo 220. Vyote hivyo vinaning'inia kwenye kamba, kwa hiyo ni mzigo. Jumla: 4000 + 250 + 80 + 220 = kilo 4550.

Kosa la pili ni kuchukua katikati. Jedwali la kreni halisomwi hivyo. Umbali ukiangukia kati ya mistari miwili, unachukua mstari wa umbali mkubwa zaidi, hapa mita 9, yaani kilo 4300. Na 4550 ni zaidi ya 4300. Jibu ni hapana.

Kuna sababu ya ukali huu. Baadhi ya namba za jedwali zimewekwa na uimara wa chuma na nyingine na hatari ya mashine kupinduka, kwa hiyo kati ya mistari miwili uwezo haushuki kwa mstari ulionyooka unaoweza kuukisia. Isitoshe, mkono wa kreni hupinda unapochukua uzito. Ulipima mita 8.5 ukiwa huna kitu. Mzigo ukiachana na ardhi umbali umeongezeka, na uwezo umepungua, kabla hujagusa hata lever moja. Umbali hupimwa kutoka katikati ya mzunguko wa kreni hadi mstari wa ndoano, si kutoka mbele ya gari wala kutoka kwenye miguu.

Kwa kuwa unarudia mtihani, jiandae na mambo mengine mawili ambayo hayakosekani.

Pembe za slingi. Kwa miguu miwili ya slingi na mzigo wa kilo 4000, slingi ikiwa nyuzi 60 kutoka mlalo kila mguu unabeba kilo 2309. Nyuzi 45, kilo 2828. Nyuzi 30, kilo 4000: kila mguu unabeba uzito wa mzigo mzima. Mfunga mizigo anapotumia slingi fupi "ili tusipoteze kimo", hiki ndicho anachokifanya. Uliza kila mara pembe inapimwa kutoka mlalo au kutoka wima, maana vitabu havikubaliani.

Miguu ya kreni, ile inayotolewa pembeni ili isipinduke. Mguu mmoja unaweza kubeba sehemu kubwa ya uzito wa kreni na mzigo pamoja, pale mkono unapopita juu yake. Chukua tani 15 kwenye sahani ya chuma ya nusu mita kwa nusu mita: eneo ni mita za mraba 0.25, kwa hiyo ardhi inasukumwa tani 60 kwa kila mita ya mraba. Weka chini yake mkeka imara wa mita 1.2 kwa 1.2, yaani mita za mraba 1.44, na inashuka hadi tani 10.4. Mkeka uwe mgumu wa kutosha usipinde, usawazishwe, na sahani ikae katikati. Ardhi iliyofukiwa karibuni, kingo za mtaro na mifuniko ya maji taka ni sehemu za kukwepa hata kama juu pameshindiliwa na pakavu. Na miguu itolewe yote hadi mwisho, isipokuwa kreni yako ina jedwali maalumu la miguu nusu.

Kamba ya chuma nayo itaulizwa. Kanuni ya Marekani kwa kamba zinazopita kwenye puli: nyuzi 6 zilizokatika ovyo ovyo ndani ya mzunguko mmoja wa msokoto, au 3 katika mkole mmoja (fungu moja la nyuzi zilizosokotwa pamoja) ndani ya mzunguko huo, kamba inatolewa. Ukikagua tumia kitambaa, kipite taratibu juu ya kamba iliyosimama. Uzi uliokatika utanasa. Mkono mtupu hautumiki.

Swali: Natafuta leseni ya boila. Mwalimu anasema kioo cha maji, kile kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila, kikiwa kitupu usiongeze maji. Kazini wazee wanaongeza. Nani yuko sahihi?

Mwalimu wako, na hili ni jambo la kufa na kupona.

Maji yasipoonekana kwenye kioo hujui yako wapi. Yanaweza kuwa sentimita chache chini ya kioo, au mabomba yanaweza kuwa yameachwa wazi na yameanza kuwa mekundu. Maji yakigusa chuma chenye joto hilo hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji, kwa mgandamizo wa kawaida wa hewa, hutoa zaidi ya lita 1600 za mvuke. Chuma kilichopata joto kali pia kimepoteza nguvu yake. Unaongeza mgandamizo mahali ambapo ganda ni dhaifu kuliko wakati wowote.

Unachofanya: zima moto kwanza. Kata mafuta au gesi. Usifungue pampu ya maji, usifungue vali ya usalama kwa mkono, usibadilishe ghafla matumizi ya mvuke. Ondoa watu, iache ipoe yenyewe, mwarifu msimamizi, na isiwashwe tena mpaka mtu mwenye sifa ameikagua ndani. Wazee wanaoongeza maji wameponea kwa sababu mara zile maji hayakuwa yameshuka sana.

Kioo chenyewe hupimwa kila zamu, na mtahini atakutaka uonyeshe bila kusita. Vaa kinga ya uso na glavu, simama pembeni. Funga koki ya mvuke na koki ya maji, fungua ya kutolea. Kioo kikishamwaga maji yake pasitoke kitu tena. Kikiendelea kutoa, koki mojawapo inavuja. Fungua ya maji: maji yatoke kwa nguvu, ifunge. Fungua ya mvuke: mvuke utoke; ifunge. Funga ya kutolea. Fungua ya maji, taratibu: yatapanda hadi juu. Fungua ya mvuke: yatashuka hadi kimo chake cha kweli. Yakipanda kwa uvivu, njia ya chini imeanza kuziba kwa tope au chumvi. Kioo chenye njia iliyoziba kinaweza kuonyesha maji ambayo boila haina, na hicho ni kibaya kuliko kioo kitupu.

Swali: Leseni yangu iliisha miezi mitatu iliyopita, sikugundua. Naendelea kufanya kazi huku nikiomba upya?

Hapana. Shuka kwenye mashine leo na umwambie mwajiri leo. Leseni iliyoisha ni sawa na kutokuwa nayo, na mkaguzi hatatofautisha siku moja na miezi mitatu.

Nchi nyingi hukupa muda fulani wa kuhuisha bila kupimwa upya. Australia, ambako leseni hudumu miaka 5, muda huo ni miezi 12 baada ya kuisha. Ukiupitisha unaanza upya na mafunzo na mtihani. Lakini muda huo ni wa kuomba, si wa kufanya kazi. Aliyeomba kabla ya leseni kuisha, huko, leseni yake huhesabika hai mpaka ombi lijibiwe. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuomba wiki moja kabla na wiki moja baada. Weka kikumbusho cha miezi mitatu kabla, na ukihama nyumba au kubadili namba ya simu, iarifu mamlaka, maana barua ya kukumbusha hutumwa kwenye anwani waliyonayo.

Swali: Kuna magonjwa au dawa zinazoweza kuninyima leseni?

Kinachoangaliwa ni kama hali hiyo inaweza kukuzimisha, kukupofusha au kukuchelewesha ghafla: kifafa, kisukari kisichodhibitiwa, kizunguzungu, macho yasiyorekebishika kwa miwani. Wengi wenye hali hizi hupewa leseni daktari akithibitisha imedhibitiwa, pengine kwa masharti. Kinachowaponza zaidi ni dawa ndogo ndogo. Dawa nyingi za mafua na mzio husababisha usingizi, na usingizi huo unaweza kubaki hadi asubuhi inayofuata. Soma kipeperushi, mwambie mfamasia unaendesha mashine, umwombe ile isiyoleta usingizi.

Swali: Mnasisitiza daftari la kazi. Linaandikwa nini hasa? Langu lina tarehe na saini tu.

Tarehe na saini havimsaidii mtahini, wala havikusaidii wewe siku ya kuhuisha ukitakiwa kuthibitisha kwamba umeendelea kuendesha mashine ya daraja lako. Mstari mmoja uliokamilika uwe na tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, aina na namba ya mashine, uwezo wake, kazi iliyofanyika, hali ya ardhi au hewa kama ilikuwa na neno, kasoro ulizozikuta kwenye ukaguzi na uliyemwarifu. Mfano:

"Foklifti namba 4, kilo 2500 kwa mm 500. Saa 1:00 asubuhi hadi 6:30 mchana. Kushusha paleti kwenye lori, kimo cha chini. Ukaguzi: honi haifanyi kazi. Mashine imewekwa kibao cha USITUMIE, ufunguo kwa msimamizi saa 1:10. Honi imebadilishwa, nimeijaribu na kuanza kazi saa 2:05."

Ukiwa bado mwanafunzi, kila mstari usainiwe na mwenye leseni aliyekuwa anakusimamia, pamoja na namba ya leseni yake. Afanye hivyo siku ile ile. Daftari lililosainiwa mara moja kwa kalamu moja kwa miezi minne hukataliwa, na hukataliwa kwa haki. Andika pia matukio yaliyokosakosa: mzigo uliotikisika, mtu aliyepita nyuma bila kuonekana. Marekani tukio kama hilo kwa dereva wa foklifti ni mojawapo ya sababu za kisheria za kukurudisha kwenye mafunzo ya marejeo, sawa na kubadilishiwa aina ya mashine au mazingira ya kazi kubadilika. Piga picha ya kila ukurasa unaojaa. Daftari la karatasi hulowa mafuta, na likipotea hakuna ofisi yenye nakala yake.